Mama Mkwe Upande wa Injini ya Kulia

Haya, sogeeni, sogeeni! Nawasalimu, ejok nyinyi mliokaa, ejok nyinyi mliosimama, na wewe hapo nyuma uliyejifunika kofia usoni, ejok pia, najua hulali, unangoja tu nianze. Tangu nifike mnaniuliza swali moja: hebu tuambie, kuwa na ndege yako mwenyewe kunakuwaje? Basi leo nawaambia. Kunakuwa vibaya.

Na nasema hivyo nikiwa nimeshiba, hakuna mtu amenikasirisha asubuhi hii. Ni vibaya tu. Mtu akikuambia anataka kununua ndege, mfunge kamba, mpigie mama yake simu.

Yangu ni ya injini mbili, zile za pistoni kama za gari, zinazokunywa petroli. Hizi ndege za siku hizi zinapiga filimbi zikiruka. Yangu inakohoa. Ni ya zamani sana, nafikiri Adamu aliiendesha kidogo akiwa kijana, halafu ikapita mikono mingi mpaka ikamfikia mzee mmoja Mzungu, rubani aliyekaa Lodwar mpaka ngozi yake ikawa kama kiatu cha akala. Mimi nilikuwa namwoshea hiyo ndege. Shule niliachia darasa la tano, mwalimu na mimi tulichokana. Lakini yule mzee alinifundisha kuruka, mwaka baada ya mwaka, yeye akinitukana kwa Kiingereza, mimi nikimjibu kwa Kibukusu, na tukaelewana vizuri sana. Mtihani wa leseni nilianguka mara nyingi mpaka msimamizi akawa ananisalimia kama shemeji yake. Siku nilipopita, nafikiri walichoka tu kuniona. Mzee akarudi kwao kuzeeka, akaniachia funguo. Akanikumbatia, akacheka mpaka machozi. Wakati huo nilidhani ni uchungu wa kuachana. Siku hizi najua ni furaha ya mtu aliyepona.

Kwa sababu hiyo ndege, wacha niwaambie. Ukizima injini Lodwar saa za jua, petroli inachemka ndani ya mipira inakuwa mvuke kama chai ya hoteli. Unapiga stata, inasema hapana. Unapiga tena, inasema nimekwambia hapana. Na ziko mbili! Ya kushoto ikikubali, ya kulia inanuna. Ya kulia ukiibembeleza ikubali, ya kushoto inaona wivu inazima. Nimeona mtu mwenye wake wawili na amepumzika kuliko mimi.

Halafu mafuta. Ukisema Lodwar unataka mafuta ya ndege, utaletewa yale ya ndege za filimbi, ambayo ni ndugu ya mafuta ya taa, na ukiyatia kwa yangu inakufa kabla haijafika uzio. Yangu inataka petroli yake peke yake, ya rangi ya buluu kama sabuni, inakuja kwa mapipa juu ya lori kutoka huko chini, inapita Kitale, inapita Kainuk, na kwa kila kizuizi askari anagonga pipa na rungu anauliza hii ni nini. Dereva anasema ni mafuta ya ndege. Siku moja askari akamkazia macho: "Ndege anataka mafuta ya nini? Si ana mabawa?" Lori ikalala pale. Nikangojea petroli mpaka ndevu zikaota, nikanyoa, zikaota tena.

Ukiiacha ndege siku mbili bila kuiangalia, ndege wale wenyewe, wa manyoya, wanajenga nyumba ndani ya pua ya injini. Ndege ndani ya ndege. Unatoa majani mkono kwa mkono, unatoa mpaka unafikiri umetoa godoro zima, na mama wa vifaranga anakutukana juu ya kichwa. Chini ya bawa nako ni mbuzi. Uwanja wote hauna kivuli kingine, kwa hivyo mbuzi wa Lodwar wote wanajua anwani yangu.

Na watu! Leseni yangu hairuhusu kubeba mtu kwa malipo. Inaruhusu nibebe jamaa, bure. Sasa jamaa wa bure Turkana ni nani? Ni kila mtu. Nilikuwa na mzee mmoja wa Lokichar anakuja kila wiki kusema babu yake na babu yangu walikunywa maji ya mto mmoja. Babu yangu hajawahi kuvuka Kitale!

Lakini hayo yote ni salamu tu. Nataka kuwaambia ya mama mkwe.

Kwetu sisi Waluhya, nyinyi mnaojua mnajua, mwanaume na mama mkwe wake hawakutani ovyo. Humpi mkono. Humtazami usoni. Huli mbele yake, hukai kiti chake, na jina lake hulitaji, naye lako halitaji. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Shida ni kwamba mama mkwe wangu anaishi Kakuma, anauza mboga na omena kwa soko la kambi ya wakimbizi, na Kakuma kichaka ni ule mwiba mmoja mwembamba kama sigara. Kwa hivyo akiniona kwa mbali anageuka tu, anaangalia ukuta. Mimi pia nageuka. Tumeheshimiana hivyo tangu nioe. Ukiniuliza mama mkwe wangu anafanana aje, ningekwambia visigino vyake. Visigino navijua. Mgongo naujua kabisa, hata gizani. Uso, hapana.

Sasa mke wangu akawa na mimba. Yule wa kwanza tulimpoteza, na siku ile mama yake alikuwa mbali, hakumshika mkono. Sitasema mengi hapo. Safari hii akalazwa hospitali Lodwar, siku zake zikapita, mtoto amekaa tu, hatoki. Daktari akasema leo saa nane mchana ataingia kupasuliwa. Mke wangu akasema sawa. Halafu akasema: "Lakini bila mama yangu, siingii mlango huo."

Daktari akaongea. Sista akaongea. Mimi nikaongea mpaka nikaishiwa na Kiswahili. Mwanamke amejifunika shuka mpaka shingo, anaangalia dari.

"Mama yuko Kakuma," nikasema. "Laga imejaa maji tangu jana, barabara imekatika, malori yamejipanga huku na huku kama siafu. Atapita wapi?"

Akanigeuzia uso polepole. "Si una ndege?"

Yaani miaka yote mwanamke huyu anaita ndege yangu "hicho chuma". Leo imekuwa ndege.

Akampigia mama yake palepale, mimi nimesimama kando ya kitanda. Huyu anasikiliza, ananiambia, mimi namjibu, yeye anapeleka.

"Mama anasema hawezi kukaa na mkwe chumba kimoja."

"Mwambie ndege si chumba."

"Anauliza, ina mlango?"

"Ina mlango."

"Anasema basi ni chumba."

"Atakaa kiti cha nyuma!"

Hapo nikajing'ata ulimi, kwa sababu viti vya nyuma nilivitoa zamani nipate mahali pa kulaza mapipa ya petroli. Vimebaki viwili tu mbele, bega kwa bega, karibu hivi, kama watu wanaokula sahani moja. Mke wangu anajua. Ananiangalia. Halafu akafanya kitu sikutegemea, akalia kidogo tu, bila sauti, akaambia simu: "Mama, wa kwanza hukuwepo." Basi. Akasikiliza, akakata simu. Halafu akasema: "Anakuja."

Nikakimbia uwanjani. Injini zikanifanyia maringo yao, ya kushoto nikaibembeleza, ya kulia nikaitukana, zikawaka. Nikaangalia oili, iko. Nikafukuza mbuzi. Nikaruka.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma kwa ndege yangu ni kama nusu saa, upepo ukikupenda. Chini naona laga imekuwa bahari ya chokoleti, malori mekundu mekundu yamekwama, madereva wananipungia. Nikatua Kakuma, nikaacha injini ya kushoto inazunguka maana nikizima zote tutalala hapo hadi Krismasi.

Pale kando ya uwanja, wanabodaboda wa Kalobeyei wamekaa juu ya pikipiki, na wanawake wawili wamesimama. Mmoja mrefu, mweusi tii, ananiangalia. Mwingine simwoni vizuri. Nikainamisha macho kwa heshima, nikaenda mbele ya yule mrefu, nikasema kwa sauti ya kanisani: "Mulembe, mama. Asante kwa kukubali."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi si mama mkwe yako! Mimi natoka Sudan Kusini, nauza pamoja na yeye sokoni. Mama mkwe yako ni ile inaangalia mwiba."

Nikaangalia. Kweli. Visigino ni vile.

Yule mama wa Sudan ndiye alimaliza kazi, maana mama mkwe alikuwa ameshika uzio hataki kuachilia. "Wewe mama, mtoto yako iko hospitali, wewe naogopa uso ya mwanaume? Uso yake hata si mzuri! Yalla, ingia!"

Akaingia kwa kinyumenyume. Naapa. Alipanda bawa kinyumenyume, akaingia mlango kinyumenyume, na mlango wa ndege yangu ni mdogo, na yeye ni mama wa afya. Ilichukua muda. Akaweka kuku miguuni, akaweka mfuko wa unga wa wimbi, akaweka chupa ya chai kubwa kama mtungi wa gesi. Halafu akatoa leso, ile pana, akampa mama wa Sudan, na mama wa Sudan akanipa mimi: "Anasema utundike katikati."

Sasa hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna mtu wa kulaumu ila mila zetu na jinsi mafundi wa zamani walivyopanga saa za ndege. Nilifunga leso upande mmoja kwa kishikio cha darini, upande mwingine juu ya dashibodi. Ikawa pazia safi kabisa. Mimi huku, mama mkwe kule, hatuonani hata kidole. Lakini ndege yangu ina saa nyingi usoni, mishale ya moto, ya oili, ya petroli. Na zile za injini ya kulia ziko upande wa kulia. Kwa hivyo pazia likafunika zote. Nikajiambia, ni nusu saa tu, injini ya kushoto ikae na mimi, injini ya kulia ikae na mama mkwe.

Injini ya kulia nayo ikawaka kwa matusi mengine, tukaruka. Nilikuwa nimemwekea zile spika za masikio, akazivaa mwenyewe. Tukiwa juu ya kambi, mabati yanameta chini kama samaki, nikasikia sauti masikioni, nene, ya heshima.

"Ndege."

Nikachungulia nje, labda ameona kunguru.

"Ndege, unanisikia? Siongei na mtu. Naongea na ndege."

Sasa nifanye nini? Nikasafisha koo. "Ndege inasikia, mama."

"Ndege, mbona unatikisika?"

"Ni joto, mama. Ndege inasema ni joto linapanda kutoka chini."

"Ndege iende polepole."

"Ndege ikienda polepole sana inaanguka, mama."

"Basi ndege iende kama inavyojua."

Nikaona hii si mbaya. Heshima imekaa, mazungumzo yanaenda. Akauliza ndege kama mtoto wake anakula vizuri hospitali, ndege ikasema anakula. Akauliza ndege kama mwenye ndege anamnunulia matunda, ndege ikakohoa kidogo, ikasema mwenye ndege anajitahidi. Akaambia ndege kwamba mtu mwenye ndege angeweza pia kuweka mabati mapya nyumbani kwa mke wake kabla ya kununua tairi za ndege. Ndege ikasema upepo umekuwa mkali.

Tumefika kama katikati, jangwa tupu chini, mawe na vivuli vya mawingu, akaja tena.

"Ndege, nina swali. Kwenu huko kwa ndege, mshale ukilala chini kabisa, ni vizuri?"

Nikageukia pazia. "Mshale gani?"

"Siongei na mtu."

"Ndege! Ndege ndiyo inauliza! Mshale gani, mama?"

"Hii saa ya huku kwangu. Ulikuwa umesimama wima, mshale wa watu. Sasa umelala kama mlevi."

"Umelala lini?"

"Tangu ule mlima."

"Mlima upi mama, mlima wa kwanza?"

"Sikutaka kuingilia mambo ya ndege. Na ile jasho nyeusi pia niliiona."

"Jasho!"

"Inatoka kwa hii mashine ya upande wangu, inatiririka nyuma. Nikasema labda ni joto. Hata mimi natoka jasho."

Jamani. Jamani nyinyi. Oili yote ya injini ya kulia iko nje, inapaka bawa, na mwanamke amekaa anaiangalia tangu milima ya Kakuma kwa sababu ya heshima! Na mimi nimekaa huku na saa zangu tatu nzuri, napiga mluzi! Injini ikikosa oili inakaangika kama kuku kwenye sufuria kavu, inashika, inaweza kupasuka. Nilitaka kulia. Nilitaka kutukana, lakini nimtukane nani? Mama mkwe hutukani. Ndege nilishaitukana asubuhi.

"Ndege inaomba mama afunike uso," nikasema. "Ndege inataka kufungua pazia kidogo."

"Ndege ingoje."

"Ndege haiwezi kungoja!"

Nikainua pembe ya leso. Mshale wa oili uko chini, umekufa. Basi nikafanya vile yule mzee alinifundisha akinitukana, nikavuta mkono wa gesi wa kulia, nikageuza mapanga ya propela yakae kama kisu yasishike upepo, nikakata petroli. Injini ya kulia ikatetemeka mara ya mwisho, propela ikasimama wima. Tuli.

Sasa mimi nilikuwa naona vizuri, hili nalijua, ndege hii inaweza kuruka na moja, taabani lakini inaweza. Lakini mama mkwe hakuwa anajua. Yeye alisikia sauti imekuwa nusu. Akageuka, akaona propela imesimama kama kijiti cha mswaki nje ya dirisha lake. Akasema "Wee!", akavuta leso ajifunike kichwa asione kifo chake.

Na leso ilikuwa imezungukia mikono ya katikati. Ile mikono ya chuma, ukiivuta nyuma injini inakosa petroli. Ule wa kushoto.

Akavuta kwa nguvu za mtu aliyebeba magunia ya omena maisha yake yote. Leso ikaja. Mkono ukaja nayo. Na ile injini moja tuliyobaki nayo duniani ikanyamaza.

Mmewahi kusikia kimya? Hamjawahi. Nyinyi mnafikiri kimya ni usiku kule Kainuk. Mimi nilisikia kuku anapumua. Nilisikia unga wa wimbi ukishuka ndani ya mfuko. Nilisikia mbuzi chini, huko chini kabisa, akimwambia mwenzake tazama.

Na ndani ya kimya hicho mama mkwe akaniita kwa jina langu. Hakusema ndege. Jina langu, lile la ubatizo, akaongeza la baba yangu, akaongeza na la babu, nafikiri hakutaka Mungu akosee mtu. Akanishika mkono. Hapa, juu ya kiwiko, alama ilikaa wiki.

"Fanya kitu!"

Nikafanya. Nikang'oa leso kutoka kwenye mikono ya petroli, nikasukuma ule wa kushoto mbele, propela ilikuwa bado inazunguka na upepo, injini ikapiga chafya moja, ikapiga ya pili, ikanguruma. Hiyo injini nilikuwa nimeitukana miaka mingi. Ningeibusu kama haingekuwa inachoma.

Tukabaki tumetazamana. Pazia liko sakafuni juu ya kuku. Na huo ndio uso wa mama mkwe wangu, karibu kama huu mkono. Ni uso wa mke wangu akiwa amekasirika, ila huu umekasirika muda mrefu zaidi. Naye alikuwa anautazama wangu. Alitazama kila kitu, pua, masikio, hakuacha.

Halafu akaachilia mkono wangu, akageuka akaangalia dirisha, akarekebisha kilemba.

"Ndege," akasema, na sauti imerudi ya heshima. "Yaliyotokea hayakutokea."

"Ndege imeshasahau, mama."

Lakini hatujafika bado. Injini moja, joto la adhuhuri, ndege inashuka polepole kama mtu anayesinzia kwa ibada. Nahesabu vilima, najiuliza hicho tutapita juu yake ama katikati yake.

"Ndege inaomba tupunguze mzigo, mama. Hata kuku."

"Ndege ishike adabu. Huyu kuku ni wa mzazi."

"Chai basi."

"Ya mzazi."

"Unga?"

"Ndege, punguza wewe mwenyewe. Mwenye ndege ana tumbo."

Basi tukaenda hivyo hivyo, na tumbo langu, na kuku. Mto wa Turkwel ukaonekana, ile mistari ya kijani, mabati ya Lodwar, uwanja. Na juu ya uwanja, kwa sababu Mungu ni mcheshi, mbuzi. Wangu wote. Wameona bawa halipo wamekuja katikati ya lami kulitafuta. Na kwa injini moja huwezi kuzunguka urudi, ukishuka umeshuka.

Mama mkwe akatoa kichwa karibu na kioo akaanza kuwafukuza na mdomo, kama wanasikia. "Shaa! Shaa! Tokeni! Binti yangu anangoja!" Naapa mbele yenu, wakatoka. Sijui ni sauti yake au ni kivuli, wakagawanyika pande mbili, tukapita katikati kama Musa, mkia wa mwisho nikausikia kwa tairi.

Tukasimama. Mama mkwe akashuka, safari hii kimbelembele, mkono ukashika bawa la oili, halafu kilemba. Hakuniangalia. Akachukua bodaboda yake na kuku, mimi nikachukua yangu na chupa ya chai, tukaenda hospitali kama watu wasiojuana, yeye mbele, mimi nyuma nakula vumbi lake.

Kufika saa nane ilikuwa imebaki kama saa moja. Yeye akaingia wodini. Mimi siwezi kuingia akiwa ndani, nimeshamwona usoni mara moja inatosha. Nikakaa nje chini ya dirisha, limefunguliwa kwa joto. Nasikia mke wangu analia, mama yake analia, kuku analia. Halafu mke wangu akauliza: "Mama, mbona una oili kwa kilemba?"

Mama yake akaanza kumwambia. Akaanzia kwa mwiba. Akaja kwa leso, akaja kwa mshale uliolala kama mlevi. Mke wangu nasikia anaguna, mmh, mmh, yule anajizuia. Ikafika pale injini zote zimenyamaza.

"Nikamtaja jina," mama mkwe akasema. "Mwanangu, nililitaja lote. Na nikamshika mkono."

"Mama!"

"Ningefanya nini?"

Halafu mke wangu, polepole: "Kwa hivyo, na uso wake... umeuona?"

"Nimeuona."

"Ehe?"

Nikanyoosha shati langu pale chini ya dirisha, sijui kwa nini.

Mama mkwe akavuta pumzi ndefu. "Pole, mwanangu."

Mke wangu akaanza kucheka. Mnajua kicheko cha mwanamke aliyejizuia miezi tisa? Kitanda kikaanza kugonga ukuta. Wagonjwa wengine wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Alicheka akasema "tumbo langu", akacheka tena, akasema "mama, tumbo langu", na ile ya pili haikuwa ya kucheka. Sista akaja mbio, akaita mwingine, nikasikia viatu, nikasikia mama mkwe anasema "nishike, nishike mkono, niko hapa," nikasimama, nikakaa, nikanywa chai ya mzazi bila kujua. Daktari alikuwa bado anavaa glavu kule chumba chake cha kupasulia. Hakuna aliyemngoja. Mtoto alilia kabla saa nane haijatimia, sauti yake kama injini ya kushoto ikiwaka, msichana, mzima, mzima kabisa, na mama yake mzima.

Mimi nimebaki nimesimama chini ya dirisha na kikombe, machozi yanashuka, siwezi kuingia, siwezi kuondoka. Mara dirisha likasukumwa, sista akatoa kichwa, kofia imekaa upande, jasho linamtiririka.

"Wewe ndiye wa ndege?"

"Ni mimi, sista."

"Huko Kakuma hakuna mama mkwe mwingine amebaki? Nina wengine wawili hapa ndani wamegoma kuzaa!"